Wiki Mbili za Kujifanya Wagonjwa

Tulimzika Naserian mwezi uliopita, upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwenye shamba ambalo mahindi yalikuwa yameshavunwa na ng'ombe wameachiwa mabua. Watu walikuwa wengi. Wauguzi wa zahanati yake walikuja na sare, wakasimama karibu na kaburi wakiwa wamejipanga kama wanavyojipanga wakati wa kukabidhiana zamu. Mimi nilisimama nyuma na Kaaya, rafiki yetu wa siku zile, na tulipokwisha kula chakula cha msibani nikapanda gari lake kurudi mjini. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka kadhaa. Amenenepa na kichwa kimekuwa cheupe, lakini ulimi wake haujazeeka. Tulipofika njia panda alisema, bila kunitazama, "Tupite Kwa Mrombo." Nikamwambia tumetoka kula sasa hivi. "Sijasema tule," akasema. Tukaketi kwenye meza ya plastiki, tukaagiza soda, moshi wa nyama ukitupitia usoni. Akaniuliza kama bado nakumbuka nilivyogombana na mchoma nyama. Nilimjibu kwamba ugomvi wenyewe siukumbuki hata kidogo, ila nakumbuka yaliyoutangulia na yaliyoufuata, na nikaona ajabu kwamba katika mwaka mzima ulionifanya niwe mtu niliye leo, kipande kilicho muhimu kuliko vyote nimesimuliwa na wengine. Tangu siku hiyo naamka mapema kabla ya kwenda kazini, nakaa mezani, najaribu kuandika mwaka ule kwa mpangilio.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kozi fupi ya uuguzi msaidizi. Mengine yote niliyoyajua nilikuwa nimejisomea kwenye vitabu vilivyoachwa na madaktari waliohama, kamusi ikiwa pembeni. Nilifanya kazi kwenye zahanati ya Nduruma. Kule wagonjwa wa sukari walikuja wakiwa wamechelewa, na sisi tuliwapokea kwa woga, maana tuliijua dawa ya insulini kwa jina zaidi ya kwa mkono. Ndipo likapatikana darasa la mwaka mmoja, la wauguzi kutoka zahanati za pembezoni, la kujifunza kumhudumia mgonjwa wa kisukari bila kumdhuru. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ya mwalimu wetu, Mama Swai, na aliyasema kila asubuhi kama mtu anayesali. Tulikaa kwenye nyumba moja ya zamani pale Themi, mjini Arusha, yenye baraza pana mbele na jikoni kubwa nyuma, mto ukisikika mvua ikinyesha milimani. Sebule ilikuwa darasa. Wanawake walilala vyumba vya kulia, wanaume vya kushoto, na katikati ya nyumba kulikuwa na jikoni lenye meza ndefu ya mbao na jokofu lililonguruma kiasi kwamba tulilizoea kama mwenzetu.

Nikikumbuka mwaka ule, kwanza naiona meza ile. Tulikula juu yake, tuliisomea, tuliitumia kufundishana kufunga vidonda vya miguu. Naserian alikuwa anakaa upande wa dirishani. Alikuwa Mwarusha mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyetumwa na zahanati ya kanisa ya kwao magharibi ya mlima. Alicheka kwa kuinamisha kichwa, kana kwamba kicheko ni kitu cha kuficha. Alikuwa hodari kuliko sisi wote katika jambo moja: alijua bila kupima kwamba mgonjwa anaanza kuishiwa sukari. Mama Swai alimsifu kwa hilo, sisi tukadhani ni kipaji. Hakikuwa kipaji. Naserian alikuwa na kisukari tangu ujana wake, anajidunga mara mbili kwa siku, na katika nyumba ile hapakuwa na aliyejua. Alikuwa na sababu. Hospitali ya kwanza aliyofanyia kazi, msimamizi wa wauguzi alipogundua alimwambia kwamba mgonjwa hawezi kuuguza wagonjwa, akamwondoa wodini, akampa kazi ya kukunja mashuka hadi alipoondoka mwenyewe. Kule kwao walimpokea bila kujua, wakampenda, wakamtuma Arusha akasome. Wakijua, alikuwa na hakika, atarudi kwenye mashuka. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni alijifungia chumbani, na mwenzake wa chumba alidhani ni mtu wa maombi.

Mama Swai alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alikuwa mama wa Kichagga mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa ameuguza watu hadi magoti yakamshinda, na alisema huwezi kumwagiza mtu ale nini kama hujawahi kula chakula chake. Katikati ya mwaka alitutangazia kwamba kwa wiki mbili kila mmoja wetu atakuwa mgonjwa. Kila mmoja alipewa mgonjwa wa kweli kutoka kliniki, akaenda kwake, akajifunza anaamka saa ngapi, anakula nini, anadungwa kiasi gani. Kisha akarudi nyumbani kuishi kama yeye: kujidunga kiasi kilekile, kutoboa kidole, kula chakula chake na kuacha asichokula. Tofauti ilikuwa moja tu. Ndani ya chupa hapakuwa na dawa. Mama Swai alikuwa amekusanya chupa za insulini zilizokwisha, akazisafisha, akazichemsha, akazijaza maji ya chumvi yale ya dripu, ili mikono yetu izoee chupa yenyewe, kifuniko chenyewe cha mpira, sindano yenyewe. Kila chupa ilibandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenye nayo, zikapangwa kwenye mlango wa jokofu. Leo hii nikimkuta muuguzi amejaza maji kwenye chupa iliyowahi kuwa na dawa, simruhusu kugusa mgonjwa mpaka nimeongea naye. Lakini siku hizo tuliliona ni jambo la busara, na hata sasa, pamoja na yote ninayoyajua, siwezi kujilazimisha kutamani kwamba lisingefanyika.

Kaaya alipewa bibi mmoja wa Kihindu mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye hagusi nyama, na siku fulani za mwezi hufunga kabisa. Kaaya ni Mmeru aliyekulia kwenye mtori wa ndizi wenye mifupa. Alirudi kutoka kwa bibi yule amebeba bakuli la dengu, akaliweka mezani, akalitazama. "Mama Swai," alisema, "mimi nilikuja kusomea ugonjwa, sikuja kuupata." Mama Swai akamwambia aombe chumvi. "Bibi ana presha pia," Kaaya akajibu kwa huzuni, "chumvi nayo imeondoka." Mimi nilipewa mfugaji wa makamo, mtu mkubwa wa mwili, ambaye kliniki ilishindwa kumwelewa: mara sukari yake iko juu, mara anaokotwa ameanguka. Nilipomtembelea niligundua kwamba kila baada ya muda yeye na wenzake wa rika hujitenga porini na ng'ombe dume, kula nyama na kunywa supu ya magome na mizizi, kile wanachokiita olpul, na huko hakuna ugali, hakuna ndizi, hakuna kitu kingine. Kiasi cha dawa hakukipunguza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akipunguze. Kila aliyemhudumia alikuwa amemuuliza kama anakula vizuri, naye alijibu kwa ukweli kwamba anakula vizuri sana.

Naserian alimwomba Mama Swai ampe mgonjwa mmoja, mwalimu wa shule, mwanamke wa umri wake. Sikujua kwa nini alimtaka huyo. Baadaye nilielewa: dawa ya mwalimu yule na yake zilikaribiana kwa kiasi na kwa saa. Siku ya kwanza alimwaga maji ya chumvi kwenye sinki, akaweka chupa yake ya kweli mlangoni mwa jokofu, plasta yenye jina lake juu yake. Ilikuwa insulini ya haraka, ile iliyo angavu kama maji. Ile nyingine, nyeupe kama maziwa, aliiacha chumbani kwenye mtungi mdogo wa udongo uliomtunzia dawa zisipate joto. Na kwa wiki nzima, Naserian alijidunga mezani pamoja nasi. Alivuta kijishati pembeni, akabana ngozi ya tumbo, akachoma, akahesabu kimoyomoyo, akatoa, na wakati huohuo Kaaya akilia kama mbuzi kabla sindano haijamgusa. "Dada, wewe una mkono mwepesi," mmoja wetu alimwambia. "Nimezoea kuchoma ng'ombe," akajibu, tukacheka. Asubuhi zile alikuwa mtu mwingine. Aliongea kwa sauti. Alimcheka Kaaya waziwazi, kichwa kikiwa juu. Alikaa mezani hata vyombo vilipokwisha kuondolewa, sindano yake ikiwa mbele yake kama kijiko. Nilidhani furaha ile ina uhusiano na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukaa upande wa dirishani. Labda ilikuwa nao kidogo. Lakini sasa najua ni furaha ya mtu aliyefungua mlango na kukuta hakuna anayemshangaa.

Wiki ya pili umeme ulikatika, ukakaa umekatika. Barafu ya jokofu iliyeyuka, plasta zikalowa zikaanguka, na Kaaya, ambaye hapendi kuona kitu kimelala ovyo, alilifuta jokofu, akazianika plasta kwenye ukingo wa dirisha, akazibandika tena kwenye chupa kwa jinsi alivyokumbuka zilivyokuwa zimepangwa. Alikumbuka karibu zote. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na ndiyo siku niliyopanga kumfuata mfugaji wangu kwenye olpul yake. Porini sikuwa na mwaliko, kwa hiyo tulikubaliana twende Kwa Mrombo, nile nyama na supu ya magome tu. Asubuhi nilivuta yuniti thelathini, kiasi cha mtu yule mkubwa, nikajichoma pajani. Tone moja lilibaki kwenye ncha ya sindano, nikalifuta kwa vidole. Tukaondoka, mimi, Kaaya na Naserian.

"Kwetu mwanamke haioni nyama ya olpul," Naserian alisema tulipoketi. "Kwa hiyo mimi nitageukia barabarani. Mkimaliza mniambie."

"Mimi nami nitageuka," Kaaya alisema, akafungua kibakuli chake cha dengu. "Tofauti ni kwamba mimi pua yangu haigeuki."

Hapo ndipo kumbukumbu yangu mwenyewe inapoanza kuchakaa. Nakumbuka mbavu za mbuzi kwenye ubao. Nakumbuka supu chungu, na midomo yangu ikifa ganzi, nikadhani ni magome. Nakumbuka shati likinilowa mgongoni, na chuki kubwa, isiyo na sababu, dhidi ya kijana aliyekuwa anakata nyama, kwa namna alivyoshika kisu. Mengine nimeyapata kwa Kaaya. Anasema nilisimama, nikamwambia kijana yule kwamba ameniibia mfupa, kwamba mfupa ule ulikuwa wa baba yangu. Kaaya alipiga makofi. Mama Swai alikuwa ametufundisha dalili za kushuka kwa sukari kwa kutufanya tuziigize darasani, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa mwigizaji mbovu kuliko wote. "Safi, Mollel," Kaaya alisema. "Leo umepasi. Sasa keti, watu wanatutazama." Naserian aligeuka kutoka barabarani. Hakuuliza kitu. Alinishika mkono wa kulia, akauleta puani kwake, akavinusa vidole vyangu. Maji ya chumvi hayana harufu. Insulini ina harufu yake, kali kidogo, kama ya dawa ya kusafishia vidonda, na anayejidunga kila siku hawezi kuichanganya na kitu kingine duniani, hata pale penye moshi na mafuta ya mbuzi. Nakumbuka pua yake ilikuwa ya baridi. Hicho nina hakika nakikumbuka mwenyewe.

"Soda," alimwambia Kaaya. "Soda ya machungwa. Kimbia."

"Si anaigiza?"

"Kaaya, kimbia."

Walininywesha wamenishika taya. Mwenye bucha alitoa gari lake la kubebea nyama, wakanilaza nyuma na chupa nyingine za soda, tukarudi Themi. Nilizinduka vizuri nikiwa kwenye kitanda cha chumba kilichopakana na jikoni, dripu ya glukosi mkononi. Kati ya chumba kile na jikoni palikuwa na ukuta wa mbao tu, na niliyoyasikia nikiwa nimelala pale nimeyabeba maisha yangu yote.

"Amekula nini?" Mama Swai aliuliza.

"Nyama na supu, mama," alijibu Kaaya. "Na soda."

"Nyama haimwangushi mtu mzima namna hii. Sukari niliyoipima hapa ni ya mtu aliyedungwa insulini."

"Lakini chupa zetu zina maji. Ulizijaza mwenyewe."

"Najua nilichojaza." Halafu sauti yake ikashuka. "Au kuna chupa sikuisafisha. Nimezeeka. Labda kuna chupa sikuisafisha vizuri."

Naserian angeweza kunyamaza. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, miaka mingi, kama ninavyofikiria kisa chochote cha kliniki. Mimi nilikuwa kwenye dripu, nje ya hatari kubwa. Mama Swai alikuwa tayari kujitwika kosa. Ilitosha kuinua chupa, kuimwaga, na kusikitika pamoja na wengine. Niliusikia ubao wa sakafu ukilia aliposogea.

"Umezisafisha zote, mama," alisema. "Moja haikuwa na maji. Ni dawa yangu. Mimi nina kisukari."

Sikusikia mshangao wowote. Nilisikia kiti kikivutwa. "Ya haraka au ya muda mrefu?" Mama Swai aliuliza.

"Ya haraka. Amevuta thelathini."

"Basi itamvuta mpaka alasiri. Hatumwachi peke yake, na tunampima tena na tena." Kisha, kwa sauti ileile ya kazi, "Na wewe asubuhi umejidunga nini?"

"Nadhani nimejidunga maji."

"Una kiu?"

"Tangu tukiwa Kwa Mrombo."

"Kaaya, nenda kliniki ulete chupa mpya. Nimesema mpya, ambayo haijafunguliwa. Na hizi zote za mlangoni uziweke hapa mezani mbele yangu, usimwage hata moja." Kaaya alipokwenda na kurudi, nilimsikia Naserian akiinuka, na Mama Swai akimuuliza anakwenda wapi. "Chumbani, mama. Kujidunga." Mama Swai akasema, "Wiki nzima ulikuwa unajidunga kwenye kiti hiki. Keti." Baadaye Kaaya aliingia chumbani kwangu, akakaa chini karibu na kitanda, akashika mguu wangu juu ya blanketi, na akakaa hivyo mpaka dripu ilipobadilishwa.

Jumatatu Mama Swai alisimama mbele ya darasa akasema kwamba kosa lililotokea ni lake, kwamba mtu mzima na muuguzi hajazi maji kwenye chupa ya dawa, na kwamba kesho yake angekwenda kuwaeleza wakubwa wa kliniki. Alikwenda. Alieleza yote, maana ndivyo alivyotufundisha, kwamba kosa lililofichwa humrudia mgonjwa mwingine. Lakini kueleza yote kulikuwa ni kumtaja Naserian, na zahanati iliyomtuma ilipaswa kujua. Likatumwa neno kwao. Jibu likaja kwamba mzee wa kanisa anayesimamia zahanati atafika mwenyewe. Tukaanza kungoja.

Majuma yale ya kungoja ndiyo ninayoyatamani zaidi, na sioni aibu kuyaandika ingawa hayakuwa na tukio. Jioni nyingi, kabla ya giza, mimi na Naserian tulikaa kwenye ngazi za nyuma tukisikiliza mto. Alinisimulia habari za hospitali ile ya kwanza na chumba cha mashuka, jinsi kilivyonukia sabuni. Alinifundisha kupika loshoro, ndizi na maziwa mgando, na aliponiona naponda kwa nguvu aliniambia, "Polepole, kaka, havijakukosea." Aliniuliza hasa nilichosikia mwilini siku ile, hatua kwa hatua, na nilipomweleza habari ya hasira alitikisa kichwa taratibu. "Mimi huwa naanza kulia," alisema. "Wanadhani nimefiwa." Hakuna mtu aliyewahi kumweleza jambo lile kutoka ndani. Mama Swai, naye, alikuwa ameniambia faraghani kwamba kama watu wa kwao watamkataa, atamwombea nafasi Nduruma, ambako muuguzi mmoja alikuwa anastaafu. Kwa hiyo nilikuwa na matumaini mawili yasiyopatana. Nilitaka mzee yule aje amkubali, kwa sababu hicho ndicho Naserian alichokuwa anakiomba. Na nilikuwa nimeshaona, kichwani mwangu, chumba cha sindano cha Nduruma chenye viti viwili.

Mzee Loishiye alikuja asubuhi moja yenye ukungu, na shuka begani na Biblia mfukoni mwa koti. Tulimwamkia shikamoo, na Naserian akainamisha kichwa chake kama ilivyo desturi yao, mzee akauweka mkono juu ya nywele zake na kuuacha hapo kidogo. Kisha akaketi barazani na Mama Swai. Mimi niliambiwa nibaki, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanguka.

"Mama," mzee alianza, "sisi tulimtuma binti akajifunze kutibu ugonjwa. Kumbe tumemtuma na ugonjwa wenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Sina hasira naye. Nina swali. Zahanati yetu wakati mwingine ina muuguzi mmoja. Akianguka, mtoto wa mtu akiwa mkononi mwake, mimi nitawaambia nini wazazi?"

Lilikuwa swali la haki, na Mama Swai alilijibu hivyo. "Amekaa nami hapa zaidi ya nusu mwaka," alisema. "Amekesha, amefunga vidonda, amebeba watu. Hajaanguka hata mara moja. Aliyeanguka ni mzima. Ni huyu."

Mzee akanigeukia, akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ndiye uliyegombana na mchoma nyama?"

"Wananiambia hivyo, mzee."

"Habari zimefika mpaka kwetu." Uso wake haukubadilika, lakini mabega yalicheza. Akarudi kwa Naserian, ambaye alikuwa amesimama kando ya nguzo. "Kwa nini hukutuambia?"

"Niliogopa mtaniondoa."

"Na kwa nini ukamwambia huyu mama?"

"Kwa sababu kaka huyu angekufa, halafu mama angebaki anadhani amemuua."

Mzee alizungumza Kiarusha kidogo, kama na nafsi yake, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili sote tusikie. "Sisi tulikuwa na muuguzi tusiyemjua. Sasa tunamjua. Akimaliza masomo, aje awafundishe wenzake wa pale nini cha kufanya akizidiwa, na mimi mwenyewe nifundishwe, maana nakaa jirani. Naserian, utarudi?"

Alinitazama kabla ya kujibu. Hakunitazama kwa muda mrefu. "Nitarudi, baba," alisema.

Nilikwenda jikoni kuandaa chai. Alinifuata, akasimama karibu na meza, akaanza kupanga vikombe kwenye sinia.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia. Nimefurahi." Na nilikuwa nimefurahi kweli. "Mama Swai alitaka kukuombea Nduruma."

"Aliniambia."

"Nduruma ni karibu na mjini. Dawa zinafika."

"Nduruma hawanijui, Mollel."

"Mimi nakujua."

Aliweka kikombe cha mwisho, akakigeuza mpini uelekee kulia kama vingine. "Wewe unanijua," alisema. "Lakini wewe ni mtu mmoja. Ukiwa umetoka zamu, nani atanipa soda?"

Nilitafuta jibu. Nimelitafuta tena mara nyingi tangu hapo, nikiwafundisha wauguzi wa zahanati za pembezoni, nikiwaambia kwamba usalama wa mgonjwa hauwezi kukaa kichwani mwa mtu mmoja, hata awe anampenda kiasi gani. Swali lake lilikuwa swali la muuguzi, na lilikuwa sahihi. Nilichukua sinia, yeye akachukua birika, tukatoka barazani walikokuwa wanatungoja.